Kuhamisha leseni ya CPA yenye mipaka kutoka California kwenda Texas

Leseni ya CPA (mhasibu wa umma aliyeidhinishwa) ya Marekani haibebwi kutoka jimbo moja hadi jingine. Nchi nzima ina mamlaka 55 za kutoa leseni hiyo: majimbo 50, Washington D.C., Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Kila moja ina bodi yake ya uhasibu na sheria yake. Unapohama, bodi ya unakokwenda inakutolea leseni mpya baada ya kuisoma ile ya zamani. Kama ya zamani ina mpaka, yaani kuna kazi inayokuzuia kufanya, mpaka huo utasomwa pia.

Naandika kwa ajili ya wahasibu wenzangu waliotoka Afrika Mashariki, kwa sababu wengi wetu tunaishia na leseni yenye mpaka bila kuambiwa vizuri maana yake. Mimi nilisomea uhasibu Mombasa nikamaliza CPA(K) ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya. Nilipofika Oakland nikalazimika kufanya mtihani wa Marekani upya, kwani taasisi za wahasibu za kwetu, ICPAK ya Kenya na NBAA ya Tanzania, hazimo kwenye orodha ya mikataba ambayo Marekani imewekeana na taasisi za nchi kama Kanada, Mexico, Australia, Ireland, Scotland na Afrika Kusini. Nikafaulu, nikafanya kazi ya kodi na vitabu vya hesabu vya nyumba za kutunzia wazee, nikapewa leseni ya California. Siku hizi naishi Arlington, Texas, na simu za wenzangu wanaotaka kunifuata hazikatiki. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo na nyumba ni nafuu kuliko kule. Sababu za kuhama ninazielewa.

Jua mpaka wako ni wa aina gani

Kuna mipaka ya aina mbili, na watu huichanganya hadi wanajitia hofu bure.

Wa kwanza si adhabu. California hutoa leseni ya aina mbili: ile yenye herufi A na ile yenye herufi G. Mwenye G ni CPA kamili. Anaandaa kodi, anashauri, anaandaa hesabu, anaweza hata kushiriki katika kazi ya ukaguzi. Asichoruhusiwa ni kusaini ripoti ya ukaguzi au ya mapitio ya hesabu. Mwenye A anasaini, kwa kuwa amethibitisha angalau saa 500 za uzoefu wa kazi hizo. Wanaotoka nyumbani watalielewa hili haraka. Kenya, kuwa mwanachama wa ICPAK hakukuruhusu kusaini ukaguzi mpaka upate cheti cha kufanya kazi kwa umma. Tanzania nako NBAA inamtenga ACPA, mhasibu aliyesajiliwa, na ACPA-PP, mwenye idhini ya kufanya kazi kwa umma.

Wengi wetu tunapata G kwa sababu rahisi: kazi ya kwanza inayopatikana ni ya kodi au ya ofisi ya fedha ya kampuni, na huko saa za ukaguzi hazipo.

Mpaka wa pili ni wa nidhamu. Bodi imekuweka chini ya uangalizi, au imekukataza aina fulani ya kazi kwa muda, au imekupa leseni kwa masharti. Huu una njia yake, nitaufikia chini.

Hali ya tatu si mpaka hasa, lakini inazuia vilevile: leseni iliyolala, yaani uliyoilipia bila kufanya masomo ya kuendelea, au iliyokwisha muda. Leseni iliyolala haikufikishi popote. Iamshe kwanza kwa kukamilisha saa zako za masomo hayo, ambazo California ni 80 kila miaka miwili, zisizopungua 20 kila mwaka, na ndani yake saa 4 za maadili. Kisha ndipo uombe.

Kabla ya lolote, jitafute kwenye CPAverify, tovuti ya bure ya NASBA, ambacho ni chama cha bodi zote za majimbo. Andika jina lako uone kinachoonekana: aina ya leseni, hali yake, tarehe ilipotolewa, tarehe ya kwisha, na kama kuna hatua ya nidhamu. Afisa wa bodi mpya anaweza kuyaona hayo hayo. Kama jina lako limeandikwa kwa namna mbili, na hili hutukuta sana sisi wenye majina ya baba na babu yaliyopangwa tofauti kwenye pasipoti, kwenye transkripti (karatasi ya alama za chuo) na kwenye leseni, lirekebishe sasa. Maombi mengi hukwama hapo, si kwenye mtihani wala uzoefu.

Je, unahitaji leseni mpya kweli?

Si kila anayegusa mteja wa Texas anahitaji leseni ya Texas. Sheria ya mfano, iliyoandikwa na NASBA pamoja na AICPA, chama cha kitaifa cha wahasibu, na inayofuatwa na majimbo mengi, inamruhusu CPA kuhudumia wateja wa jimbo jingine bila kuomba leseni huko, mradi makao yake makuu ya kazi yako kwingine na sifa zake zinalingana na zile zinazotakiwa nchi nzima. Kwa miaka mingi sifa hizo zimekuwa krediti 150 za chuo, mwaka mmoja wa uzoefu na kufaulu mtihani wa CPA. Ukikaa Oakland na mteja wako mmoja akahamia Houston, endelea kumfanyia kodi zake.

Ukihama wewe mwenyewe, ukapanga ofisi Arlington au ukaajiriwa Dallas, makao ya kazi yamehama. Hapo omba leseni, na sheria ya mfano inataka uombe kabla ya kuanzisha makao hayo. Usichapishe kadi yenye herufi CPA na anwani ya Texas ukitegemea leseni ya California. Kujitangaza tu kunatosha kukuingiza matatani, hata kama hujasaini chochote. Hili linamhusu pia anayefanya kazi ndani ya kampuni na kuweka CPA chini ya barua pepe zake.

Na mwenye G ajue hivi: ruhusa hiyo ya kuhudumia jimbo jingine isigeuzwe mlango wa nyuma. California yenyewe, mgeni anapoingia kwa ruhusa hiyo na kutaka kusaini ripoti ya ukaguzi, inamtaka awe na zile saa 500 kama mwenyeji. Ushauri wangu kwako ni ule ule ukielekea upande wa pili. Kile jimbo lako halikukuruhusu kusaini nyumbani, usikisaini ugenini kwa kutumia leseni hiyo hiyo.

Saa za ukaguzi: zikusanye kabla ya kufunga mizigo

Hapa ndipo ninapotaka uwe makini kuliko kwingine kote.

Texas haigawi leseni kwa A na G. Ukikubaliwa, unapata leseni moja. Kwa hiyo wapo wanaoamini kwamba kuhama kunafuta mpaka: umeondoka California na G, umefika Texas, sasa saini ukaguzi. Kwenye karatasi inaweza kuonekana hivyo. Lakini sheria ya mfano inamtaka yeyote anayesimamia au kusaini kazi za ukaguzi awe na umahiri unaotakiwa na viwango vya taaluma, na ofisi anayofanyia kazi iwe na leseni ya ofisi na iwe chini ya mapitio ya wenzao, yaani wahasibu wa nje ya ofisi hiyo wanaikagua kazi yake, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Msomaji wa mapitio hayo atauliza: huyu aliyesaini alijifunzia wapi? Ukijibu kwamba umetoka kwenye kodi moja kwa moja, umeiweka ofisi nzima pabaya. Nyuma ya saini ile kuna benki iliyokopesha, shirika la hisani lililopokea michango, wazee wa kanisa waliotaka kujua fedha za ujenzi zimekwenda wapi. Watu hao hawajui tofauti ya A na G, wanakuamini wewe.

Sasa tazama upande mwingine. Labda tayari una saa za ukaguzi lakini hukuwahi kuzithibitisha. Mwenzangu mmoja kutoka Kisumu alifanya kazi misimu kadhaa katika ofisi ndogo ya Sacramento, akishiriki ukaguzi wa mifuko ya pensheni na mashirika yasiyo ya faida, na leseni yake ikabaki G kwa sababu alipoomba alitumia fomu ya uzoefu wa jumla, ambayo ni nyepesi. Watu wa namna hiyo ni wengi. Kama ndiye wewe, badilisha G iwe A ukiwa bado California. Bodi ya California ina fomu maalumu ya kuthibitisha uzoefu wa ukaguzi. Inajazwa na msimamizi wako, si wewe, naye lazima awe na leseni inayomruhusu kusaini kazi hizo.

Hawaangalii idadi ya saa peke yake. Fomu inauliza kama ulishiriki kupanga ukaguzi na kuchagua taratibu, kama ulitumia taratibu za aina mbalimbali kwenye miamala ya kawaida, kama uliandaa karatasi za kazi, kama uliandika maelezo na maoni juu ya ulichokipata, na kama ulihusika kuandaa hesabu kamili pamoja na maelezo yake na kuzitolea ripoti. Mtu mwenye saa elfu moja za kuhesabu stoo na kutuma barua kwa benki anaweza kukosa, na mwenye saa mia tano na ushee zilizopangwa vizuri akapita.

Kwa hiyo kaa na msimamizi wako mezani. Mpelekee orodha ya kazi ulizofanya: mteja wa aina gani, mwaka gani wa hesabu, sehemu gani ulishika, saa ngapi kwa mujibu wa kitabu cha saa cha ofisi. Mkumbushe, usimtegemee akumbuke. Wasimamizi wanastaafu, ofisi zinauzwa na kumezwa na kubwa, mfumo wa saa unabadilishwa na rekodi za zamani zinapotea. Saini ambayo leo unaipata kwa kikombe cha chai, baada ya miaka mitano ukiwa Texas utaitafuta kwa barua na simu bila majibu. Hata kama huna mpango wa kukagua chochote maishani, chukua saini hiyo. Siku ukirudi California na leseni ya Texas, California itakupa G tena mpaka uonyeshe saa 500.

Kama saa zako ni za Nairobi au Dar es Salaam, usizitupe. Iulize bodi kwa maandishi, ukieleza msimamizi wako alikuwa na idhini gani ya kukagua huko na nani aliitoa. Jibu la maandishi litunze.

Maombi yenyewe

Sehemu hii ni ya karatasi zaidi kuliko fikra, nitaipita haraka.

Texas unaomba kwa Texas State Board of Public Accountancy, iliyoko Austin, kwa njia ya aliyekwisha kupata leseni jimbo jingine. Kuna fomu ya ruhusa ya kubadilishana taarifa za mtihani na leseni kati ya majimbo. Sehemu yako unajaza wewe, kisha bodi ya zamani inathibitisha alama zako za mtihani, hali ya leseni yako na rekodi yako ya nidhamu. Kama ulifanyia mtihani jimbo moja na kupewa leseni jimbo jingine, kama wengi wetu tulivyofanya, unahitaji uthibitisho wa kote kuwili. Anza na hizi siku ya kwanza, maana hazitegemei kasi yako.

Utatoa maelezo ya historia yako, na andaa pia transkripti na ile tathmini ya vyeti vya nje uliyoifanya zamani. Nakala zake zisikae kwenye kompyuta ya mwajiri. Texas ina kozi yake ya maadili ya saa 4 inayofundisha kanuni za bodi hiyo. Ile uliyofanya California haiichukui nafasi yake. Isome kwa moyo, kwani kanuni za kutangaza biashara, kutunza rekodi za mteja na kupokea kamisheni hazifanani jimbo kwa jimbo.

Waliopata leseni ya California kwa njia ya zamani ya krediti 120 na uzoefu wa miaka miwili, iliyofungwa mwisho wa 2013, hawana krediti 150. Wasikate tamaa. Sheria ya mfano ina mlango wa miaka minne katika kumi: ukionyesha kwamba umefanya kazi ya taaluma miaka minne ndani ya kumi iliyopita, baada ya kufaulu mtihani, unaweza kukubaliwa. Hali pia inabadilika. Ohio ilipitisha sheria mwanzoni mwa 2025 inayokubali shahada ya kwanza pamoja na uzoefu wa miaka miwili, Texas ikapitisha yake mwaka huo huo, na mwezi wa Mei AICPA na NASBA wakaiingiza njia hiyo kwenye sheria ya mfano. Tazama tarehe ambayo sheria ya jimbo lako inaanza kutumika, usisikilize ya vijiweni.

Na tafadhali, leseni ya California isife wakati unasubiri. Huisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, kila miaka miwili. Ikifa katikati ya maombi, unayeomba si mwenye leseni tena.

Kama mpaka ni wa nidhamu

Dada mmoja aliniuliza kama aombe Texas bila kutaja kwamba yuko chini ya uangalizi California, kwa kuwa kosa lilikuwa la masomo ya kuendelea na si la wizi. Nilimjibu vile ninavyokujibu wewe: sema yote. Fomu itakuuliza waziwazi kama umewahi kuadhibiwa na bodi yoyote. Kosa la awali huenda likasameheka. Uongo kwenye maombi ni kosa jipya, la uadilifu, nalo litakufuata majimbo yote.

Peleka nakala rasmi ya uamuzi wa bodi, barua yako fupi inayoeleza kilichotokea bila kumlaumu mtu, na ushahidi wa ulichotekeleza: stakabadhi za faini, vyeti vya kozi, ripoti za kila robo mwaka. Barua isizidi ukurasa mmoja na nusu. Afisa anataka kuona kwamba unajua ulichokosea na kwamba kimekwisha.

Jambo hili wengi hawalijui mpaka wameshahama: katika masharti ya kawaida ya California, muda unaoishi au kufanya kazi nje ya jimbo hauhesabiwi kwenye kipindi cha uangalizi. Unatakiwa kuiarifu bodi kwa maandishi tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Saa inasimama, lakini wajibu hausimami: ripoti unaendelea kupeleka, gharama unaendelea kulipa, fidia kwa wateja vilevile. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja anaweza kukaa Texas miaka mitatu na bado akawa amebakiza mwaka mmoja. Kama umebakiza kidogo, maliza kwanza ndipo uhame. Kama familia haiwezi kusubiri, mtafute wakili anayeshughulikia leseni za taaluma, usome naye uamuzi wako mstari kwa mstari, uone kama bodi yaweza kuombwa ibadilishe masharti.

Namba mpya ikishafika

Kuwa na leseni ya mtu binafsi Texas hakukuruhusu kufungua ofisi. Hata unayefanya kazi peke yako mezani nyumbani, ukihudumia umma kama CPA, unahitaji leseni ya ofisi. Hili huwashangaza waliotoka California, ambako mtu mmoja anayetumia jina lake mwenyewe hahitaji kusajili ofisi. Omba leseni zote mbili kwa mpangilio, usianze kupokea wateja katikati.

Masomo ya kuendelea yanabadilika pia: Texas ni saa 120 kwa miaka mitatu, zisizopungua 20 kwa mwaka. Fungua faili jipya la vyeti, usichanganye na la zamani.

Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ingia kwenye akaunti yako ya PTIN (namba ya mwandaaji wa kodi) uweke leseni mpya, na kwenye kila fomu 2848, ile ya kumwakilisha mteja, utakayojaza kuanzia hapo andika Texas na namba ya Texas. Zile za zamani zenye California zipitie moja moja. Kama leseni ya California utaiacha ife, badilisha hizo kwanza.

Bodi ya California iarifu anwani mpya ndani ya siku 30, hata kama huna mpango wa kurudi. Barua za bodi zikienda nyumba uliyohama, wao watahesabu kwamba umezipata.